Je, Picha Yaweza Kusema Uongo?

Kando ya Ziwa Kivu, asubuhi, matete yakiwa bado na umande, huonekana ndege mmoja mdogo ambaye wavuvi wamemzoea hata hawamtazami tena. Ni mdiria, mvuvi mwenzao. Urefu wake ni kama sentimita 13, na uzito wake haufiki gramu 20. Walakini katika mwili huo mdogo zimekusanyika rangi nyingi: mgongo wa buluu, tumbo la rangi ya chungwa, mdomo mwekundu kama pilipili iliyoiva. Hutua juu ya tete, huyatazama maji, hujitupa kama jiwe, kisha hurudi na kisamaki. Mara huruka, na mahali pale huwa patupu.

Hebu afikiriwe kijana mmoja mwenye kamera, aliyekuja kumngojea ndege huyo. Kazi hiyo alijifunza mwenyewe. Huuza picha mjini, na kwa fedha hizo huwalipia wadogo zake karo ya shule. Amesimama matopeni saa mbili nzima, miguu imekufa ganzi. Mdiria akaja, akakaa kitambo kifupi kuliko kusema Baba Yetu, akaondoka. Kijana alibonyeza kwa wakati. Lakini jioni, alipoitazama picha katika kompyuta, alihuzunika. Ndege yu gizani. Buluu yake imefifia. Tete moja limepita mbele ya kifua chake. Na mdomo ni mtupu. Tena mchapaji mmoja wa kalenda amekwisha kumwambia kwamba atalipa vizuri kwa picha ya mdiria, ila sharti ndege ang'ae, asifichwe na kitu, naye awe na samaki mdomoni.

Kompyuta yaweza kuyatenda yote. Kwanza, yaweza kuitia picha mwanga. Pili, yaweza kulifuta lile tete. Tatu, yaweza kuikoleza buluu hata ipite buluu ya ndege yeyote aliye hai. Nne, yaweza kumtia mdomoni samaki aliyetolewa katika picha nyingine. Swali ndilo hili: katika matendo hayo manne, ni kwa lipi mtu huacha kuwa mkweli? Swali hilo ni dogo kama ndege mwenyewe. Lakini ajuaye kulijibu amejifunza jambo juu ya kila namna ya ushuhuda.

I. Picha ni nini

Kabla ya kuhukumu yafaa kueleza maana. Mtakatifu Augustino, yule mwana wa Afrika ya Kaskazini, alikuwa bado hajabatizwa alipoandika, katika miaka ya 386 na 387, mazungumzo baina yake na akili yake mwenyewe. Humo alionyesha jambo la ajabu: farasi aliyechorwa ukutani hawezi kuwa picha ya kweli asipokuwa farasi wa uongo. Yaani, kwa sababu si farasi hasa, ndiyo maana ni picha hasa. Basi, kutofanana kwa picha na kitu chenyewe hakutoshi kuifanya iwe uongo. Mdiria wa kwenye karatasi haruki, hana harufu, wala hapimi sentimita 13. Wala hakuna aliyedanganyika.

Baadaye, yapata mwaka 395, Augustino huyo aliandika kitabu kizima juu ya uongo. Alifundisha kwamba mwongo ni yule aliye na jambo moja moyoni, naye akatoa jambo jingine kwa maneno au kwa ishara yoyote, akitaka kudanganya. Yaangaliwe vema maneno hayo, «kwa ishara yoyote». Picha nayo ni ishara. Amri ya nane haiukatazi ulimi peke yake; yaukataza pia mkono uandikao, na kidole kibonyezacho.

Mfano wa zamani waeleza tofauti hiyo. Mwaka 1892, huko Uingereza, ndugu wawili, Richard na Cherry Kearton, walianza kupiga picha za viota, na mwaka 1895 walitoa kitabu cha viota vya ndege wa nchi yao chenye picha za namna hiyo. Picha zao hazikuwa na rangi. Yai la buluu lilionekana la kijivu. Je, ndugu hao walikuwa waongo? La, hasha. Kila msomaji alijua kwamba kamera ya siku zile haikushika rangi. Upungufu unaojulikana na wote haumdanganyi mtu.

II. Je, kamera pekee husema kweli?

Watu wengi hudhani kwamba mashine haina nia, kwa hiyo haiwezi kukosea. Ni mwanadamu tu aiharibuye kweli yake. Husema kwa majivuno: «Picha hii sikuigusa.» Wazo hilo lina sehemu ya kweli, lakini halikukamilika.

Jicho la mwanadamu hufunguka penye giza na kufumba penye jua, nalo hufanya hivyo mara nyingi katika kutazama mahali pamoja. Kamera huchukua kipimo kimoja kwa picha nzima. Kwa hiyo ndege aliyetua mbele ya anga jeupe hutoka mweusi kama mkaa, ijapokuwa mtu aliyesimama pale aliziona rangi zake zote. Tena, katika kamera nyingi za leo hutumika mpango ambao mhandisi Mmarekani, Bryce Bayer, aliusajili mwaka 1976: kila kitone kidogo cha kupokea mwanga hupima rangi moja tu, nyekundu, kijani au buluu, na rangi mbili zilizobaki hukisiwa kwa hesabu kutoka kwa vitone jirani. Simu za siku hizi huongeza hesabu juu ya hesabu: hung'arisha, hulainisha, hukoleza, na mwenyewe hana habari.

Basi, asemaye «sikuigusa» mara nyingi amemwachia mtengenezaji wa mashine aiguse kwa niaba yake. Picha isiyopitia uamuzi wa mtu yeyote haipo. Linalobaki kuulizwa ni uamuzi huo ulifanywa na nani, tena kwa nia gani.

Na rangi yenyewe ya ndege ni fumbo. Mtazame chozi, yule ndege mwembamba mwenye mdomo uliopindika, anyonyaye utamu wa maua. Akigeuka upande huu, shingo yake huwaka kijani kama chuma kilichosuguliwa. Akigeuka upande ule, huwa nyeusi. Sababu ni kwamba kijani hicho hakikutiwa kama rangi ya nguo. Ndani ya unyoya mna tabaka nyembamba sana zinazorudisha mwanga kwa namna ya pekee, kama vile mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Mwanga ukija kwa pembe nyingine, rangi hutoweka. Rangi ipi ni ya kweli, kijani au nyeusi? Zote mbili. Zaidi ya hayo, ndege wengi huona mwanga ambao jicho la binadamu halioni kabisa. Chozi jike humwona mumewe kwa namna isiyoweza kuchapwa katika karatasi.

Haya yote yafundisha unyenyekevu. Picha haiwezi kuonyesha kweli yote ya ndege hata mmoja. Yaweza kuahidi neno moja tu: «Mtu aliyekuwapo pale, saa ile, aliona hivi.» Hiyo ndiyo ahadi ya kimya inayokwenda pamoja na kila picha ya ndege wa porini. Aitunzaye ni mkweli. Aivunjaye kwa siri ni mwongo.

III. Matendo manne yapimwe

Kutia mwanga. Kijana alimwona mdiria katika nuru. Kamera ilimweka gizani. Akimrudishia nuru ile, hakuongeza kitu. Amefanya kama mtu apangusaye vumbi dirishani ili aliye ndani aone nje. Hali kadhalika kuondoa chengachenga zitokanazo na udhaifu wa mashine, na kupunguza kando za picha ili ndege aonekane karibu. Matendo hayo ni halali, na pengine ni ya lazima. Maana picha ya giza ingesema kwamba ndege yule ni wa kijivu, nayo si kweli.

Kulifuta tete. Hapa pana haja ya kutofautisha. Tete lilikuwapo. Ndege alichagua kukaa nyuma yake, labda kwa kuogopa mwewe. Likifutwa, picha yasema kwamba alikaa waziwazi. Akifanya hivyo kwa pambo la ukutani, naye akasema kwamba amefanya, hakumkosea mtu. Akinyamaza, na hali picha yaitwa ushuhuda, amevunja ahadi, ijapokuwa kidogo. Mashindano makubwa ya picha za viumbe vya porini, yanayosimamiwa na Jumba la Makumbusho ya Viumbe la London, huruhusu kusafisha vumbi na kurekebisha mwanga, lakini hukataza kuongeza au kuondoa mnyama, mmea au sehemu yake. Sheria hiyo haikutungwa kwa chuki ya uzuri. Ilitungwa ili neno «porini» lisipoteze maana.

Kuikoleza buluu. Waswahili huita jambo hili kutia chumvi, na jina hilo lafaa sana. Maana chumvi kidogo huukamilisha mchuzi, na chumvi nyingi huuharibu, wala haiwezi kutolewa tena. Mwenye kukoleza hujitetea akisema: «Buluu ilikuwapo, nimeizidisha tu.» Lakini hasara yake huja polepole. Mtoto aliyelishwa picha zilizotiwa chumvi atakwenda ziwani siku moja, atamwona mdiria wa Mungu, naye atasema: «Ndiye huyu tu?» Picha iliyokusudiwa kumfundisha kupenda imemfundisha kudharau. Kuna na hasara nyingine. Wako chozi ambao wataalamu huwatambua kwa upana wa mshipi mwekundu wa kifuani. Leo watu wengi hupeleka picha zao kwa wale wanaohesabu ndege na kuchunguza kama wanapungua. Picha iliyopakwa yaweza kumwandika ndege mahali asipoishi, au kumfuta mahali alipo.

Kumtia samaki. Hapa hakuna shaka. Tukio halikutukia. Ni uongo mzima, nao huelekea kufichuka kwa sababu ndogo: kijana atatoa samaki wa ziwa jingine, na mvuvi yeyote wa Bukavu atacheka akiona mdiria wa Kivu amebeba samaki asiyejulikana katika maji yale.

Tena isidhaniwe kwamba uongo waishi katika kompyuta tu. Katika mashindano yale yaliyotajwa, mshindi wa mwaka 2009 alionyesha mbwa-mwitu akiruka lango usiku. Mwezi wa Januari 2010 alinyang'anywa tuzo, kwa kuwa waamuzi waliona kwamba yaelekea mnyama yule alikuwa wa kufugwa, aliyefundishwa. Mwenye picha alikana. Lakini jambo lenyewe lafundisha: shtaka halikuwa juu ya rangi, bali juu ya neno moja, kwamba mnyama ni wa porini.

Maneno yaandikwayo chini ya picha ni sehemu ya picha. Jambo lililotokea katika nchi ya Congo lathibitisha hayo. Mtaalamu Mmarekani, James Chapin, aliyezunguka huko pamoja na Herbert Lang tangu mwaka 1909 hadi 1915, aliona mwaka 1913, katika misitu ya Ituri, unyoya mmoja uliopambwa katika kofia, asiweze kuutambua. Akauweka. Miaka 23 baadaye, yaani 1936, katika makumbusho ya Tervuren huko Ubelgiji, alikuta ndege wawili waliokaushwa wakiwa wametupwa kando. Kibandiko chao kilisema kwamba ni tausi wachanga wa kawaida, wale wa Asia. Chapin akakumbuka unyoya wake. Kumbe alikuwa tausi wa Congo, ambaye watu wa msituni walimjua siku zote, lakini wataalamu hawakuwa na habari zake. Ndege wale hawakubadilishwa hata unyoya mmoja. Karatasi tu ilikosea, na kosa lile liliwaficha mbele ya macho ya wasomi. Ikiwa kosa lisilo na nia mbaya laweza kuficha hivyo, uongo wa makusudi utaficha mangapi?

IV. Haki ya ndege mwenyewe

Kuna namna nyingine ya kuipamba picha, nayo hufanyika kabla ya kubonyeza. Mtu huona kiota kimefunikwa na majani. Huyakata ili makinda yaonekane vizuri. Picha hutoka safi, wala hakuna kilichobadilishwa katika kompyuta. Lakini jua la saa sita huwachoma makinda, nyoka huona alichokuwa hakioni, au mama huogopa asirudi. Mwingine hucheza sauti ya ndege iliyorekodiwa, tena na tena, mpaka dume aacha kula ili apigane na adui asiyekuwapo.

Picha hiyo ni ya kweli kwa mtazamaji, lakini imenunuliwa kwa uhai wa mwingine. Mwaka 1937 Mwingereza Eric Hosking alikuwa akipiga picha za bundi waliokuwa wakilea. Bundi alimshambulia gizani, na jicho lake la kushoto likapotea. Ndege hakumwonea, alifanya kama afanyavyo kila mzazi mlangoni pake.

Mtu ataweza kuuliza: «Ikiwa udanganyifu ni kosa, je, wale ndugu Kearton hawakukosa?» Maana yapata mwaka 1900 walitengeneza ng'ombe bandia, wazi ndani, mpiga picha akajificha tumboni mwake ili ndege wasimwogope. Jibu si gumu. Ndege hakuahidiwa neno. Alifichwa hofu tu, akaendelea kula na kulisha watoto wake kwa amani. Na mtazamaji alionyeshwa maisha ya ndege yalivyo. Kwa hiyo kujificha kule kulimhifadhi ndege na kuihifadhi kweli pia.

V. Majibu kwa wenye kupinga

Wa kwanza husema: «Picha ni pambo, pambo halina kweli wala uongo.» Neno hilo ni sahihi kwa pambo lijulikanalo kuwa pambo. Kitenge cha mama chaweza kuwa na ndege wa zambarau mwenye mikia mitatu, wala hakuna atakayeuliza anaishi ziwa gani. Lakini pambo likivaa nguo za ushuhuda, sharti lihukumiwe kama ushuhuda.

Wa pili husema: «Wote hufanya hivyo, na mnunuzi ndivyo atakavyo.» Wingi wa wapunjao sokoni haujapata kuifanya mizani yao iwe sawa. Mnunuzi naye akitaka ndege wa kubuniwa, na auziwe ndege wa kubuniwa kwa jina lake hilo.

Wa tatu husema: «Siku hizi mashine zaweza kutunga ndege asiyekuwapo kamwe, mzuri kuliko wote. Mbona kuhangaika na tete moja?» Ndiyo sababu hasa ya kuhangaika. Kama ndege wa kutungwa wajaa kila mahali bila taabu, thamani ya picha ya kweli haikai katika kung'aa kwake. Yakaa katika hili, kwamba mtu fulani alisimama matopeni saa mbili, na kiumbe hai kikaja mbele yake.

VI. Kipimo

Basi mpiga picha ana maswali matatu ya kujiuliza kila ajioni mbele ya kazi yake. La kwanza: nilichofanya chamrudishia ndege kile mashine ilichompokonya, ama chamvika kile asichokuwa nacho? La pili: naweza kumweleza mtazamaji, bila haya, kila nilichotenda? La tatu: ndege huyo alibaki salama baada ya mimi kuondoka? Akijibu vema yote matatu, na afanye kazi kwa moyo mweupe, aipambe picha yake kadiri ya ustadi wake.

Na yule kijana wa Kivu? Na afikiriwe kwamba alitia mwanga, akapunguza kando, akaliacha tete mahali pake, akaandika chini yake jina la ndege, mahali na mwezi. Mchapaji wa kalenda aliitazama, akatikisa kichwa, akanunua nyingine yenye samaki. Hasara hiyo ni ya kweli, isifichwe. Mwezi ule karo ilichelewa, na wadogo zake walirudishwa nyumbani siku chache. Ukweli una gharama, na mara nyingi hulipwa na watu wasiokuwapo wakati wa kuamua. Ndiyo maana yafaa kuupima kwa uangalifu, wala si kuupigia makofi tu.

Lakini picha ile ilibandikwa ukutani kwao, na mtoto wa mvuvi akapita, akasimama. Akanyosha kidole, asimwonyeshe ndege, bali lile tete, lililopindika karibu na ncha. «Hili ni la pale tunapofunga mtumbwi,» akasema. Asubuhi iliyofuata alikwenda huko, akangoja, akamtazama mdiria kwa mara ya kwanza, ijapokuwa alikuwa amemwona siku zote.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Taja tofauti iliyopo kati ya picha iliyo na upungufu na picha iliyo na uongo.
2. Kwa nini maneno yaandikwayo chini ya picha ni sehemu ya ushuhuda?
3. Je, yafaa kukata majani ya kiota ili makinda yaonekane? Toa sababu.
4. Kijana wa Ziwa Kivu alikuwa na wajibu kwa kweli, na wajibu kwa wadogo zake. Je, ilikuwapo njia ya kutimiza yote mawili?